Damu ya Watu Wasioumwa

Vijana wa maabara mlioniaga juzi kwa soda, keki na kitenge, mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Nimekubali, lakini vyeo sitaviandika, maana nilivyopata vilichelewa na wote mnalijua hilo. Mshahara nao siuandiki, sitaki kuwachekesha. Nitaandika jambo moja tu la miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana, Mwingereza bado yupo, na mtu wa Ifakara akitaka kwenda Lupiro anakaa ukingoni mwa mto kusubiri pantoni mpaka wenye pantoni waridhike. Jambo hilo lilinishtua wakati ule. Nimeona damu ya watu wengi tangu siku hizo, na bado nikilikumbuka nashtuka.

Niliingia hospitali ya misheni baada ya kumaliza darasa la nane. Nyumbani kwetu ni Mang'ula, kwa hiyo nililala bweni la wasichana lililosimamiwa na masista. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha upande wa jua, na mwenyewe alikuwa Sista Kornelia, mtawa wa Kizungu mwenye mikono mipana na Kiswahili kisicho na mzaha. Hadubini yetu ilichukua mwanga wa jua kwa kioo kidogo. Wingu likipita, kazi inasimama, tunabaki kutazamana. Friji ilikuwa ya mafuta ya taa na ilitoa moshi kuliko jiko la mama yangu. Damu tuliizungusha kwa mashine ya mkono, na ninyi mnaolalamika umeme ukikatika hebu jaribuni kuzungusha ile mpaka bega liwake.

Siku ya kwanza sikugusa damu, niliosha slaidi. Siku ya pili niliosha slaidi. Nilipouliza nitaanza kazi lini, Sista alisema nimeshaanza, na kwamba moja ya slaidi zangu ina alama ya kidole. Alikuwa hasemi jibu la kipimo mpaka aangalie, aondoke, anywe maji, arudi kuangalia tena. Mimi nilidhani ni uzee. Baadaye nilijua ni adabu ya kazi, na mpaka nastaafu nimekuwa nakunywa maji mengi sana.

Kipimo cha kaswende ndicho kilichonishangaza mwanzoni. Tuliacha damu igande, tukachukua maji yake ya juu, tukayapasha moto bila kuyachemsha, kisha tukayachanganya na dawa iliyotengenezwa kutokana na moyo wa ng'ombe. Nilipoambiwa ni moyo wa ng'ombe nilifikiri nataniwa. Ng'ombe aliyechinjwa huko Ulaya atajuaje mambo ya mtu wa Ifakara? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Unatikisa tyubu, maji yakibaki safi, mtu ni salama. Yakitoa vipande vyeupe vidogo kama chenga za mchele, mtu ana lake.

Mwaka mmoja masika yalipopungua, kikosi cha askari kilikuja kutengeneza barabara na madaraja yaliyobomolewa na maji kati ya Kidatu na kwetu. Walikuwa wametoka kutumikia vitani Kenya, na wakimaliza barabara wangekwenda likizo makwao. Wengine walikuwa watoto wa bonde hili hili. Daktari wao alikuwa kapteni kijana wa Kiingereza, mpole, aliyeungua pua kwa jua. Kambini hakuwa na maabara, akaja kumwomba Sista msaada. Alitaka kila askari apimwe kabla ya kwenda kwa mkewe, anaumwa au haumwi.

Neno lile la haumwi ndilo lililotushinda. Kapteni alieleza kwamba magonjwa ya zinaa yanaweza kukaa ndani ya mtu mzima kabisa, anakula, anapiga kwata, anabeba magogo, wala hajui, kisha anakwenda kumpa mkewe na mtoto aliye tumboni. Alitaka damu kwanza, kwa ajili ya kaswende. Baada ya hapo dresa wake, yaani msaidizi wake wa tiba, angechukua majimaji ya njia ya mkojo kwa kila mtu, ayapake kwenye slaidi, sisi tutafute kisonono. Damu Sista alikubali. Kuhusu slaidi alisema wazi kwamba atamaliza rangi yake ya kupaka slaidi bure, kwa kuwa mwanamume mwenye kisonono anajijua, na hata majirani wanamjua kwa anavyotembea. Mimi niliitikia kwa kichwa. Kapteni hakubishana, alisema tu kwamba ataleta slaidi hizo hata hivyo.

Askari walipangwa barazani kwetu wakiwa wamekunja mikono ya shati. Wanaume waliotoka vitani walibadilika rangi walipoona sindano imeshikwa na msichana. Mmoja hakubadilika, naye ni Koplo Severini wa Lupiro, mrefu, mcheshi, mwenye meno ya kuonekana hata akinuna. Aliniambia nimtoboe polepole maana anakwenda kwa mke wake Agata na anazihitaji nguvu zake zote. Wenzake walicheka. Aliuliza natafuta nini kwenye mkono wa mtu asiyeumwa, nikamjibu natafuta asichokijua. Akasema basi nitachoka, kwa sababu yeye anajijua vizuri. Nilimpenda kama kaka, na nasema hivyo mapema ili mjue nilikuwa upande gani.

Tulipotikisa tyubu, chenga zilitoka. Zikatoka tena, na tena, tyubu baada ya tyubu. Nilimtazama Sista nikidhani nimeharibu dawa. Aliniambia nirudie zote huku yeye amesimama nyuma yangu, na majibu yakawa yale yale. Wale watu waliokuwa wanacheka barazani, waliobeba magogo ya daraja begani wakiimba, karibu nusu yao damu yao ilikuwa inasema kaswende. Jina la Severini lilikuwemo. Sista alifanya ishara ya msalaba na majibu yakapelekwa kambini.

Siku ile kapteni alikuwa Kidatu kwenye daraja. Aliyepokea majibu ni dresa wa kikosi, Sajenti Yoramu, mtu wa mbali, mkweli na mchapakazi. Alikuwa na kasoro moja tu, kwamba katika maisha yake yote ya jeshi hakuwahi kujifunza kumwambia askari mmoja jambo peke yake. Kila kitu kilisemwa kwenye gwaride. Kesho yake asubuhi akawapanga mstari, akaita majina, akawaamuru waliotajwa wapige hatua moja mbele. Kisha, kwa sauti ile ile ya kutangaza zamu za jikoni, akawaambia wana kaswende.

Nilisimuliwa siku ile ile. Mpaka mchana wenye maduka walikuwa wanaijua habari, na wanawake waliokuwa wanatwanga mpunga walishaanza kuhesabiana waume. Jioni ikavuka mto. Habari haisubiri pantoni.

Kilichomharibia Severini ni mdomo wake mwenyewe. Askari mmoja alimuuliza kwa utani ameipata wapi, na yeye, aibu imemjaa, akajibu pale pale mstarini kwamba Kenya hakugusa mwanamke yeyote, kwa hiyo imetoka nyumbani, labda likizo ya mwaka jana. Alilisema haraka, kama mtu anayefukuza nyuki. Lakini mstarini alikuwepo mtu mwingine wa Lupiro, na mtu huyo ndiye aliyelipeleka. Mama yake Severini aliposikia alimtoa Agata nje na mzigo wake, watu wanaangalia, akamrudisha kwa baba yake kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Agata alikuwa amelima shamba la mumewe muda wote aliokuwa Kenya, anafukuza ndege mchana na viboko jioni.

Nilijua hayo kutoka kwake mwenyewe. Alikuja hospitali kwa miguu, peke yake, matope mpaka magotini, akasimama kwenye dirisha letu. Alikuwa rika langu. Aliuliza taratibu, bila kugombana.

"Dada, ninyi ndio mliosema nimemwambukiza mume wangu?"

Nikamwambia sisi tulimpima mumewe tu, na kuhusu yeye hatukusema lolote.

"Basi nipimeni na mimi. Halafu mseme."

Sista alimtoa damu bila kumuuliza swali lolote, akampa chai na sehemu ya kulala kwa masista wakunga. Kapteni naye alikuwa amesharudi. Nilisikia kwamba Sajenti Yoramu alipata maneno yake, peke yake, ndani ya hema, na hilo nadhani lilimshangaza zaidi ya maneno yenyewe. Kapteni akaomba damu zote zipimwe upya.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Ukipima upya lazima uweke na damu unayojua ni safi, ili uone kama dawa yako inasema kweli. Mara nyingi Sista alitumia damu yake, lakini wiki ile alikuwa na malaria, na malaria huchafua kipimo hiki. Akachagua yangu. Alitangaza mbele ya masista wenzake kwamba damu ya Kandida haina wasiwasi, huyu nimemlea mwenyewe bwenini. Nilijisikia fahari, nikanyoosha mkono.

Tulitikisa. Tyubu ya Agata ilibaki safi kama maji ya mvua. Tyubu ya Severini ikatoa chenga kama mara ya kwanza. Tyubu yangu ikatoa chenga.

Nilidhani nimeshika ya mtu mwingine. Nikaangalia alama, ni yangu. Sista aliitazama, akaondoka, akanywa maji, akarudi, akaitazama tena. Kisha akafunga mlango na kuniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, kama kuna jambo ningependa kumwambia. Mimi ambaye mwanamume hakuwahi kunishika mkono ila kwa kusalimiana. Nililia, halafu nikakasirika mpaka kilio kikakauka.

"Sista, mimi simjui mwanamume. Kama moyo wa ng'ombe unasema namjua, unasema uongo."

Akaniambia nipandishe sketi mpaka gotini. Kwenye muundi wangu kuna kovu la mviringo, ngozi yake nyembamba na inang'aa, nimekuwa nalo tangu nipate akili. Akauliza ni la nini. Nikamwambia ni la kidonda cha buba, nilipokuwa mtoto. Wengi kwetu tunalo.

Sista alikaa kwenye kigoda na kujipiga paji la uso. Ndipo akanieleza kwamba kidudu cha buba na kidudu cha kaswende ni kama mapacha, na kile kipimo hakiwezi kuwatofautisha. Buba ni ya watoto, wanaambukizana ngozi kwa ngozi wakicheza, wala haina uhusiano na mambo ya kitandani. Alikuwa ameitibu miaka mingi kwa sindano, na hilo la mapacha alilisoma zamani, lakini hakuwahi kuweka kwenye tyubu damu ya mtu aliyepona buba akiwa mtoto. Na kapteni alizoea mahali ambapo tyubu yenye chenga ina maana moja tu. Nusu ya wale askari walikuwa wametangazwa mbele ya wenzao kwa ugonjwa wa utotoni.

Alinionya pia nisifurahi kupita kiasi. Kipimo hakikuwa kimesema hawana kaswende, kimesema hakijui. Kapteni alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Aliwaita askari mmoja mmoja hemani, akatazama makovu, akawauliza utoto wao, kisha akaagiza wote wachomwe penisilini shehena yake ikifika, maana inaua mapacha wote wawili. Mimi nilichomwa mapema, kwa ile kidogo ya hospitali. Nilikaa upande mmoja kwa siku mbili.

Ikabaki Lupiro. Nani akaseme, na nani ataaminiwa? Sista alisema yeye atakwenda kueleza. Lakini tulijua wote kwamba watu watamsikiliza kwa heshima, watamkaribisha chakula, na Agata atabaki kwa baba yake. Jambo moja tu lingeweza kuwafungua macho, na hilo lilikuwa mguuni kwangu. Sista hakuniomba. Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa, na kusimama mbele ya wazee kusema damu yangu imetoka na alama ya kaswende ni kitu ambacho kingefika Mang'ula kabla sijarudi bwenini. Niliogopa sana. Nilikwenda kwa sababu Agata alikuwa anakunywa chai yetu kila asubuhi bila kuuliza chochote, akingoja tuseme kama alivyotuomba.

Tulivuka kwa pantoni na gari la kapteni. Nyumbani kwa Severini walikuwepo baba yake mkubwa, mama yake, baba yake Agata na wazee wengine. Severini alipewa ruhusa, akakaa mbali kidogo na mkewe, kofia magotini. Tukatoa shikamoo zetu. Sista akaeleza habari za mapacha. Wakamsikiliza kwa heshima, kama nilivyosema, na nikaona hakuna aliyeamini. Nikasimama.

"Damu yangu imetoka sawasawa na ya Severini. Sijaolewa na sijalala na mwanamume. Mimi niliugua buba."

Nikapandisha sketi nikawaonyesha muundi, uso unawaka moto. Kisha mama yake Severini, ambaye nilimwogopa kuliko wote, akasema bila kuulizwa:

"Buba ya Severini nilimpa mimi."

Alisimulia kwa fahari. Mtoto alipoanza kutembea, jirani alikuwa na mtoto mwenye buba iliyopasuka. Basi akambeba Severini, akamlaza na yule mtoto kwenye mkeka mmoja, makusudi, ili buba imtoke angali mdogo isije ikamwaibisha ukubwani. Alisema mama mwenye akili alifanya hivyo. Wazee wakaitikia kwamba ndivyo. Sista alifumba macho. Mimi nilibaki nimeshika sketi, siamini masikio yangu, na likizo iliyofuata nilipomuuliza mama yangu aliniangalia kwa mshangao akauliza kwani mimi nilifikiri niliipata wapi.

Hapo mambo yalilainika. Baba mkubwa alicheka kwanza, wengine wakafuata. Severini alimwomba Agata radhi mbele yao wote, na mama yake alisema kwamba maneno yamepita. Ikakubaliwa kuwa Jumapili itakayofuata Agata atarudishwa rasmi, na sisi tukaalikwa kula. Agata hakusema mengi. Aliniuliza tu kama anaweza kurudi bila wasiwasi. Nikamwambia arudi. Njiani nilijisikia kama nimemwoza mwenyewe.

Wiki ile ile slaidi za kapteni zikaletwa. Nilizipaka rangi, nikaziosha, nikazikausha, nikaziangalia, na hazikuwa na kitu. Slaidi baada ya slaidi, tupu. Sista alikuwa analalamika juu ya rangi yake kila nikifungua chupa. Nikaweka ya Severini.

Wale vidudu wa kisonono wanakaa wawili wawili, wamegeukiana kama punje za kahawa, ndani ya chembe za usaha. Mnawajua, mnawaona kila siku, kwenu ni kitu cha kawaida. Mimi nilikuwa nimewaona kwa wagonjwa wanaolia tu. Niliinuka, nikanywa maji, nikarudi. Walikuwepo, wengi. Nikamwita Sista. Akaangalia mara zake mbili, akamwita kapteni. Kapteni alipoinua jicho kutoka kwenye hadubini alikaa chini, na ndipo nilipojua kwamba hata yeye hakuwa ameamini. Alikuwa amesoma tu kwamba inaweza kutokea, akatumaini kuwa kwetu haitatokea. Alimuuliza Sajenti Yoramu kama koplo ana maumivu, anatoa usaha, anakojoa kwa shida. Hana. Jana alibeba boriti ya daraja peke yake.

Jumapili ilikuwa karibu. Na mimi ndiye niliyemwambia Agata arudi bila wasiwasi. Nilimwambia Sista kwamba ninavuka sasa hivi kwenda kumweleza. Akakataa. Alisema kinachoonekana kwenye slaidi ni mali ya mwenye slaidi, na kwamba watu hawa wameshatangazwa mara moja kwenye gwaride, sisi hatutafanya la pili. Nilimchukia siku nzima. Baadaye kazi hii imenifundisha kwamba alikuwa sahihi, lakini siku ile nilimchukia kwa moyo wote, na sitawadanganya.

Alinikubalia jambo moja, niwepo Severini atakapoambiwa. Aliposikia alicheka, akasema haumwi. Sista akamwambia aweke jicho kwenye hadubini. Aliangalia, akasema hao ni wa mtu mwingine. Kapteni akamuuliza kuhusu Kenya, bila ukali. Severini akasema kulikuwa na mwanamke karibu na kambi, baada ya likizo yake ya mwisho. Hakuwahi kuumwa hata siku moja, ndiyo maana aliona ni kama hakufanya kitu. Kapteni akamwambia penisilini imefika, sindano inaanza leo, na ruhusa ya kulala nyumbani hataipata mpaka slaidi iwe safi. Jumapili atapewa mchana tu.

"Sawa, nichomeni," alisema Severini. "Lakini nikipona, Agata ana haja gani ya kujua?"

Haikuwa nafasi yangu kusema. Nilisema.

"Kaka, amefukuzwa hadharani kwa ugonjwa ambao haukuwepo. Huu uliopo utaupitisha kimyakimya?"

Aliinuka. Alivua shati akachomwa, akavaa, akatoka. Hakuna sheria ya jeshi wala ya hospitali iliyomlazimisha kufungua mdomo.

Jumapili tulivuka. Mama yake Severini alikuwa amepika wali na kambale, mikeka imetandikwa uani, wazee wameshakaa. Agata alikuja na baba yake, amesuka nywele, mzigo wake ameuweka pembeni. Alinisalimu kwa furaha na mimi sikuweza kumtazama usoni. Severini alifika amevaa sare iliyopigwa pasi. Kabla ya kunawa mikono alisema ana neno, akabaki amesimama.

Alisema kwa kifupi. Kwamba ana kisonono. Kwamba hakimuumi, lakini amekiona kwa jicho lake. Kwamba ameanza sindano, na hawezi kumchukua Agata mpaka hospitali iseme amepona. Wazee walitazama mikeka. Baba yake Agata alishika fimbo yake.

Agata ndiye aliyesema kwanza, bila kupandisha sauti.

"Mliponifukuza hukuwa na ugonjwa mliousema. Leo umekuja kunichukua, unao."

Severini aliitikia kwamba ni kweli. Hapo ndipo mama yake alipoweka chini chungu cha kambale, akajifuta mikono kwenye kanga, na kugeuka. Hakumgeukia mwanawe. Alimgeukia Agata.

"Sasa mwanangu, tuambie tu. Umempa wewe?"

Nimeona mengi kwenye hadubini, lakini sijashtuka kama nilivyoshtuka kwa swali lile. Tulikuwa tumemsikia mtu akisema kwa kinywa chake, wote, na yeye mama alikuwa karibu kuliko sisi. Wala hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anatafuta mahali pa kuuweka ugonjwa wa mwanawe, na mahali alipozoea ni pale.

Severini ndiye aliyejibu.

"Hapana, mama. Nilikoupata, Agata hakuwepo."

Mama alimtazama, akatazama chungu chake, akakaa. Hakuna aliyenyoosha mkono kwenye wali. Agata akamwangalia mumewe kwa mara ya kwanza tangu afike, kisha akajisogeza kidogo kwenye mkeka, akampisha akae.